Uliza Shangazi wa Sinema: Filamu Mbili, Usiku Mmoja

Barua za safari hii zimekuja kama zilizoambizana. Karibu kila mtu anauliza jambo lile lile kwa njia yake: ana usiku mmoja, ana watu sebuleni, anataka kuonyesha filamu mbili mfululizo, na hataki wageni waanze kuangalia saa kabla ile ya pili haijakolea. Nimechagua chache. Walioniuliza wapi wapate filamu za bure nimewapita kimya, na wanajua kwa nini.

Shikamoo Shangazi. Mimi na mke wangu huwa tunaalika marafiki kutazama filamu mbili mara moja kwa mwezi. Juzi tuliweka filamu mbili za vita, zote zimesifiwa, zote zina tuzo. Ya kwanza watu waliipenda sana. Ya pili walinyamaza, halafu mmoja akaaga, wengine wakamfuata. Tulikosea wapi?
*Mwenyeji aliyekimbiwa*

Marahaba, mwanangu. Filamu zenyewe hazina kosa. Kilichowaponza ni mshono.

Kazi iliyonilea mimi na wanangu ni uhariri wa filamu: kukaa chumba chenye giza, kukata na kuunga picha walizopiga watu wengine. Jambo ambalo mhariri hufundishwa mapema ni jaribio la Mrusi Lev Kuleshov, la miaka mia hivi iliyopita. Alichukua uso wa mwigizaji Ivan Mosjoukine, uso uliotulia usioonyesha lolote, akauunga na picha ya bakuli la supu. Kisha uso ule ule akauunga na maiti ndani ya jeneza, kisha na mwanamke aliyejilaza. Inasimuliwa kwamba watazamaji walimsifu mwigizaji: tazama anavyoona njaa, tazama anavyoomboleza, tazama anavyotamani. Kumbe uso haukubadilika hata chembe. Kilichobadilika ni jirani yake.

Usiku wa filamu mbili ni mchezo huo huo, ila kwa kipimo kikubwa. Ya pili inapokewa na macho ambayo bado yamejaa ya kwanza. Mkiweka kilio juu ya kilio, ya pili haiongezi kitu, maana aliyekwisha lia halii upya kwa kuamriwa. Hata kama ni bora kuliko ya kwanza, itaonekana dhaifu. Kwa hiyo mkipanga, jiulizeni: hii ya pili inamjibu nini mwenzake? Kama jibu ni "anasema vivyo hivyo," tafuteni nyingine.

Na kwa kuwa mnapenda vita, nawapa jozi. Mwaka 1964 kampuni moja ya Marekani, Columbia, ilitoa filamu mbili zenye mkasa mmoja: ndege za Marekani zimeshaondoka kwenda kuipiga Urusi kwa mabomu ya nyuklia na haziitiki tena. Dr. Strangelove ya Stanley Kubrick ilitoka Januari, nayo ni kichekesho. Chanzo cha balaa ni jenerali mwendawazimu. Fail Safe ya Sidney Lumet ilitoka Oktoba, nayo haitabasamu hata mara moja. Chanzo chake ni hitilafu ya mitambo. Kubrick alikuwa amefungua kesi kwa sababu hadithi zilifanana mno, na mwisho wa mvutano yake ndiyo iliyotangulia sokoni. Maskini Lumet! Watu walikuwa wameshacheka kuhusu mwisho wa dunia, wakashindwa kurudi kununa. Filamu yake haikuuza.

Nyumbani kwenu ratiba ni yenu, basi igeuzeni. Anzeni na Fail Safe. Humo Henry Fonda ndiye rais, amejifungia kwenye chumba kidogo na mkalimani kijana, ameshika simu anamweleza kiongozi wa Urusi jambo ambalo hakuna mtu angependa kulieleza. Hakuna muziki filamu nzima. Mtatokwa jasho. Halafu wekeni Kubrick, msubiri Peter Sellers, naye akiwa rais, apige simu hiyo hiyo kumbembeleza Dmitri aliyelewa. Kicheko kitakachotoka sebuleni kwenu hakingetoka kama watu wasingekuwa wameketi na Fonda saa moja kabla. Dakika 112 kwa 95: saa tatu na dakika 27. Hakuna atakayeaga.

Shangazi, mimi na kaka yangu tunabishana. Yeye anasema ukionyesha filamu ya asili pamoja na ile iliyoigwa kutoka kwake, uanze na ya asili. Mimi nasema uanze na ya karibuni, watu wavutike. Nani mkweli?
*Mdogo mtu*

Kaka yako, lakini si kila mara, kwa hiyo usimpe ushindi mzima.

Chukua Yojimbo ya Akira Kurosawa ya mwaka 1961. Mpiganaji asiye na bwana anaingia katika mji wenye makundi mawili yanayochinjana, anajiuza kwa hili, anajiuza kwa lile, mpaka yote mawili yanamalizana. Mwaka 1964 Sergio Leone akaihamishia kwenye farasi na bastola, akamweka Clint Eastwood, akaiita A Fistful of Dollars. Ruhusa hakuomba. Wajapani wakaja juu, na suluhu ikawapa asilimia 15 ya mapato pamoja na haki za kuisambaza katika baadhi ya nchi za Asia. Marekani yenyewe haikuiona mpaka mwaka 1967.

Jozi hii ianze na Kurosawa. Ukimjua Toshiro Mifune, yule mpiganaji wa Yojimbo, anavyojikuna na kutikisa mabega, utamwona Eastwood anavyoamua kufanya kinyume: hatikisi kitu, anakunja macho tu. Hadithi moja, miili miwili. Ukianza na Eastwood, Mifune ataonekana kama anazidisha chumvi, na hilo si haki. Dakika 110 na 99.

Ila kuna filamu za kuigwa ambazo sishauri uziweke usiku mmoja kwa mpangilio wowote. Infernal Affairs ya Hong Kong, ya mwaka 2002, na The Departed ya Martin Scorsese, ya mwaka 2006, zinasimama juu ya siri: polisi yuko ndani ya genge, na mtu wa genge yuko ndani ya polisi. Ukishaijua siri saa mbili zilizopita, ya pili unaikagua tu, hapa wamebadilisha, hapa wameacha. Huko ni kusahihisha mitihani. Zipe mwezi mzima katikati. Na Seven Samurai pamoja na The Magnificent Seven, ambazo najua kaka yako atazitaja, ni dakika 207 na 128. Saa tano na nusu na zaidi. Mwambie aje na godoro.

Shikamoo Shangazi. Baba yangu hupenda picha za kauboi na si kitu kingine. Mimi zinanichosha. Nataka tukae pamoja usiku mmoja bila mmoja wetu kuteseka.
*Binti wa baba yake*

Marahaba, binti. Mpe baba ubishi, usimpe mapumziko tu. Watu wa rika lake wanapenda picha, lakini wanapenda zaidi kuwa na haki.

High Noon, mwaka 1952, dakika 85. Gary Cooper ni mkuu wa usalama wa mji mdogo. Amefunga ndoa asubuhi hiyo hiyo, anavua beji aondoke na mkewe, mara habari inafika: mtu aliyemfunga jela ameachiwa na anakuja kwa treni ya saa sita mchana. Basi staringi wetu anazunguka kuomba msaada. Kanisani, baa, kwa rafiki wa zamani. Kila mmoja ana sababu yake. Saa ya ukutani inaonyeshwa tena na tena, na muda wa hadithi unakaribiana na muda wenu kwenye kiti, kwa hiyo zile dakika mnazihesabu pamoja naye. Mimi mhariri naitazama kwa wivu.

Mwongozaji Howard Hawks aliitazama kwa hasira. Kwake, mlinda usalama anayeijua kazi yake hawezi kuzunguka mji mzima akiwaomba raia wamwokoe. Mwaka 1959 akatoa Rio Bravo kama jibu. Humo John Wayne anawakataa wanaojitolea, anasema watamwongezea mzigo, na anabaki na mlevi, mzee kiwete na kijana mdogo. Hao ndio wanaomfaa. Ni ndefu, dakika 141, na haina haraka yoyote. Kuna mahali wameketi ndani ya jela wanaimba, adui yuko nje. Usimruhusu baba aruke pale. Baada ya mbio za saa ya ukutani, ule uvivu ndio hoja yenyewe: Hawks anasema mtu mwenye wenzake hana sababu ya kutazama saa.

Zikiisha, muulize baba yupi kati yao ungemtaka mlangoni kwako. Mimi niko na Cooper. Nina hakika baba atakuwa na Wayne. Jumla ni saa tatu na dakika 46, kwa hiyo anzeni mapema.

Shangazi, mchumba wangu hawezi kabisa filamu za kimya. Anasema ni za makumbusho. Kuna dawa?
*Mvumilivu*

Dawa ipo, na umweke akae kwanza kabla hajauliza inaitwaje.

The General ya Buster Keaton, mwaka 1926, ina saa moja na robo hivi. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Dereva wa treni anaibiwa injini yake na majasusi, anaifukuza peke yake hadi ndani ya ardhi ya adui, anaipata, halafu inambidi arudi njia ile ile huku yeye sasa ndiye anayefukuzwa. Basi. Kwenda na kurudi. (Dereva huyo yuko upande wa Kusini, upande wa wenye kumiliki watumwa, na filamu inapita hapo kana kwamba hakuna kitu. Wewe usipite. Litaje, kisha endeleeni.)

Sasa weka Mad Max: Fury Road ya George Miller, mwaka 2015, dakika 120. Magari yanakimbia jangwani kuelekea mbele, yanafika, yanageuza, yanarudi njia ile ile huku yakifukuzwa. Kwenda na kurudi. Mchumba wako atakaa wima kabla hujamweleza lolote.

Lakini mbinu ndizo zinazozifanya ndugu, zaidi ya ramani. Keaton aliamini kamera ikae mahali ambapo utaona mwili wote na hatari yote kwa pamoja. Anaketi kwenye chuma cha magurudumu ya treni, gurudumu linazunguka, linampandisha na kumshusha, naye hana habari. Anarusha gogo la reli ligonge gogo lingine lililo njiani, na ni yeye mwenyewe, si mtu wa kumbadili. Injini inayoanguka mtoni pamoja na daraja ni injini ya kweli, na hapakuwa na kurudia.

Miller alikuwa na tatizo la kinyume: mikato mingi mno. Fury Road ina mikato inayokaribia 2,700. Aliyeketi kuiunga ni Margaret Sixel, mkewe, kutoka saa kama 480 za picha, na akapata Oscar kwa kazi hiyo. Ujanja wao ni kwamba jambo la kutazamwa liko katikati ya kioo karibu kila mara. Jicho lako halitafuti. Mkato unakuja na jicho tayari liko pale. Ndiyo maana huchoki wala hupotei, wakati filamu nyingine za mbio zenye mikato hiyo hiyo zinakuacha na kizunguzungu. Ukitoka kwa Keaton, utaona ni mtu yule yule anayejali mahali ulipo, ila mmoja hakati na mwingine anakata bila kupumua. Nimeshaona watu wa fani yangu wakigombana kuhusu yupi ni bora mpaka majirani wakasikia.

Nyongeza kwa mchumba mgumu: Miller alitoa pia toleo la nyeusi na nyeupe la Fury Road. Weka hilo, uone kama atakumbuka neno makumbusho.

Shangazi, nimesikia kwamba My Neighbor Totoro na Grave of the Fireflies zilionyeshwa pamoja zilipotoka. Ni kweli? Mtu gani alifanya unyama huo?
*Mama wa wawili*

Ni kweli. Studio Ghibli ilizitoa siku moja, tarehe 16 Aprili 1988, kama jozi katika kumbi za Japani. Totoro ni ya Hayao Miyazaki, dakika 86: dada wawili wanahamia kijijini na baba yao, mama yuko hospitali, na msituni kuna dubwana laini lenye manyoya. Fireflies ni ya Isao Takahata, muda unakaribia huo huo: kaka na dada yake mdogo wamepoteza mama katika mabomu ya mwaka 1945, na dakika ya kwanza tu filamu inakuambia mwisho wao.

Neno lako, unyama, nalielewa. Lakini hebu zipange mezani uzitazame. Ndugu wawili na ndugu wawili. Mama hayupo hapa, mama hayupo kule. Mkubwa anajikaza ili mdogo asiogope, hapa na kule. Ni swali moja limejibiwa mara mbili: watoto wakiachwa peke yao, je, kuna mtu mzima atakayekuja? Katika Totoro kijiji kizima kinakuja. Katika Fireflies kila mtu ana shughuli zake.

Utaratibu ndio kila kitu hapa. Ukimaliza na Fireflies, umewapeleka watu kitandani na jiwe kifuani, na Totoro yote inageuka kuwa uongo mtamu. Mimi ningeanza na Fireflies, watu wazima peke yao, halafu Totoro. Kuna mahali katika Totoro mdogo anapotea, na wanakijiji wanakuta ndara bwawani. Mtu aliyeitazama mara kumi na watoto wake anajua inavyoisha, hata hashtuki. Mweke mtu huyo huyo baada ya Fireflies. Atashika kiti. Hakuna picha hata moja iliyobadilika katika Totoro, ni jirani tu, kama kwa Mosjoukine. Na msaada unapofika, anaupokea kama mtu aliyeonyeshwa kwanza dunia ambamo haufiki.

Watoto wako waonyeshe Totoro peke yake, hiyo nyingine waikute wakishakua.

Bi Mkubwa, salaam. Nafuatilia ukurasa huu kwa muda mrefu. Ni Marekani, Japani, Marekani, Japani. Afrika hatutengenezi filamu?
*Mzee mwenzio*

Salaam na kwako, mzee wangu. Lawama nimeipokea, na jozi niliyokuwa nikiiweka akiba naitoa leo.

Touki Bouki ya Djibril Diop Mambéty, Senegal, mwaka 1973. Mory na Anta, vijana wa Dakar, wana wimbo mmoja kichwani, Josephine Baker akiimba Paris, Paris, Paris. Wanazunguka na pikipiki yenye fuvu la ng'ombe na pembe zake mbele, wanatafuta nauli kwa hila. Uhariri wake hauombi radhi: sauti inatangulia picha, machinjio yanaingia katikati ya mapenzi, leo na kesho vinachanganyika. Wageni wenye roho nyepesi waambie mapema kwamba ng'ombe wanachinjwa kweli mwanzoni. Karibu na mwisho meli iko bandarini, inaondoka kwenda Ufaransa, na mmoja tu ndiye aliyemo.

Sasa usiweke mapumziko marefu. Weka La Noire de… ya Ousmane Sembène, mwaka 1966, saa moja hivi, nyeusi na nyeupe. Inaanza na meli ikifika Ufaransa. Anashuka msichana kutoka Dakar, Diouana, amevaa vizuri, amekuja kulea watoto wa mabwana zake, hivyo ndivyo alivyoambiwa. Anafungiwa kwenye nyumba ya ghorofani anasugua sakafu. Tunasikia mawazo yake kwa sauti, huku wenyeji wake wakimwona bubu. Na ukutani kuna kinyago alichowapa zawadi. Kifuate kinyago hicho kwa macho mpaka mwisho.

Meli inatoka katika rangi, inafika bila rangi. Mkato huo hakuupanga mtu yeyote. Waongozaji wawili, miaka saba katikati, tena iliyotangulia kutengenezwa ndiyo inayofuata. Kwa hiyo kaka wa yule mdogo mtu wa hapo juu atusamehe, hapa tunaanza na ya karibuni. Ukianza na Sembène, Anta anapopanda meli utataka kumshika mkono, na Mambéty ataonekana mtu asiyejali. Ukianza na Mambéty, unapanda meli pamoja na Anta, una furaha yake na ubishi wake wote, halafu Sembène anakufungulia mlango wa ile nyumba.

Ni usiku mzito, sikufichi. Nimesema juu kwamba kilio juu ya kilio hakifai, nawe utaniuliza. Touki Bouki si kilio. Ina kiburi na kicheko na uchafu wa kila aina, na kwa sababu hiyo ile ya pili inapata mahali pa kupiga.

Shangazi, watoto wangu wana miaka sita na tisa. Nipe mbili fupi.
*Baba asiye na usingizi*

The Red Balloon ya Albert Lamorisse, mwaka 1956, dakika 34, kisha Up ya Pixar, mwaka 2009, dakika 96. Ya kwanza ni mvulana wa Paris na puto jekundu linalomfuata kama mbwa. Karibu hakuna maneno, kwa hiyo lugha haitawasumbua. Na bado ilipata Oscar ya uandishi wa filamu, jambo ambalo huwa nawakumbusha waandishi wanaojaza kurasa kwa mazungumzo. Mvulana mwenyewe ni mtoto wa Lamorisse.

Watoto wabaya wanalishambulia puto, na wako wa miaka sita huenda akalia. Mwache, yanayofuata yatamfuta machozi. Kisha katika Up nyumba nzima inang'olewa na maputo, na wa miaka tisa atakuwa wa kwanza kupiga kelele kwamba ni yale yale yaliyombeba mvulana. Wewe na mama yao kaeni na leso kwa dakika za mwanzo za Up, zile za ndoa ya Carl na Ellie. Hazina mazungumzo nazo.

Barbie na Oppenheimer usiku mmoja, ndiyo au hapana?
*Wa haraka*

Zilitoka siku moja, tarehe 21 Julai 2023, moja ya mwanasesere wa rangi ya waridi, nyingine ya mtu wa bomu la atomiki, na watu wengi walizitazama mfululizo kwa sababu mzaha ulikuwa mtamu. Dakika 114 na 180, karibu saa tano. Kama mzaha, ndiyo, mara moja. Kama jozi, sioni zinajibizana nini, zaidi ya tarehe na rangi za nguo za watazamaji. Ukilazimika, Oppenheimer itangulie mchana kweupe.

Shangazi, za kutisha je? Mke wangu anaogopa, mimi napenda.
*Jasiri wa nyumba*

Frankenstein ya James Whale, mwaka 1931, yenye Boris Karloff kama dubwana lililoundwa maabara, dakika 70 tu. Halafu Young Frankenstein ya Mel Brooks, mwaka 1974, dakika 106, inayoicheka filamu ile kwa heshima zote. Brooks aliipiga nyeusi na nyeupe, na mitambo ya maabara yenye cheche unayoiona ni ya fundi Kenneth Strickfaden, yule yule aliyeitengeneza kwa ajili ya Whale. Alikuwa ameihifadhi miaka yote hiyo. Msichana kando ya maji atakayemkosesha mkeo raha katika ya kwanza, atakutana na mwenzake kwenye bembea katika ya pili, na atalala vizuri. Usizigeuze. Ukishalicheka dubwana, Karloff hawezi tena kukutisha.

Kati ya filamu na filamu tupumzike kwa muda gani?
*Mwenye saa*

Robo saa. Majina ya mwisho yaachwe yapite yote, kwanza kwa sababu kuna wahariri humo, pili kwa sababu muziki wake unamshusha mtu taratibu. Kisha taa ziwashwe, watu wasimame, waongee. Ikizidi nusu saa simu zinatoka mifukoni, na ile ya kwanza imeshafutika; unaanza usiku mwingine kabisa. Kwa Touki Bouki, kama nilivyosema, dakika tano zinatosha.

Na filamu tatu, Shangazi?
*Mwenye nguvu zake*

Hapana, mwanangu. Labda ya tatu iwe Sherlock Jr. ya Keaton, mwaka 1924, yenye dakika 45, tena iwekwe mwanzoni watu wakiwa bado wanaingia. Mhusika wake ni mwonyeshaji wa sinema anayesinzia kazini, akaota ameingia ndani ya filamu anayoionyesha.